Bastola kiunoni, taa za polisi nyuma yangu: niseme au ninyamaze?

"Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Columbus, Ohio, na nina kadi ya kijani tangu 2021. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala, natoka saa tisa usiku. Mwaka jana, baada ya jirani yangu kuvunjiwa gari, nilinunua bastola dukani kihalali. Sina kibali cha kubeba kwa sababu niliambiwa Ohio siku hizi hakihitajiki. Wiki tatu zilizopita mke wangu alinifuata kazini, na tulipokuwa tunarudi, mimi nikiendesha, askari alitusimamisha kwa sababu taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki. Bastola ilikuwa kiunoni upande wa kulia, chini ya koti. Aliomba leseni, nikaitoa kwenye pochi mfuko wa nyuma, akanipa onyo tukaondoka. Sikusema lolote kuhusu bastola, naye hakuuliza. Tangu siku hiyo hatulali vizuri. Mke wangu anasema ningeweza kufa. Kazini mmoja ananiambia ukisema unajiua, mwingine ananiambia usiposema unafungwa. Mwezi ujao tunakwenda harusini Grand Rapids, Michigan. Je, nilivunja sheria? Na nikisimamishwa tena nifanye nini hasa? Kwetu Mwanza trafiki akikusimamisha unashuka, unamfuata, unamsalimia, mnaelewana. Hapa sijui hata mikono niiweke wapi."

Marahaba, ndugu yangu, na poleni nyote wawili. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye ile sentensi ya mwisho kwa sababu humo ndimo jibu lilimo. Wenzako kazini wanabishana juu ya mdomo, useme au unyamaze. Hilo tutalifikia. Lakini usiku ule hatari yako haikuwa mdomoni, ilikuwa mikononi.

Nafundisha matumizi salama ya bastola hapa Ohio, huu ni mwaka wa kumi na mbili, na siku ambazo sifundishi nakaa mahakamani kama mkalimani wa Kiswahili. Mimi si wakili. Palipo na kazi ya wakili nitakuambia wazi, na katika habari yako papo.

Tuanze na sheria, maana ndiyo sehemu nyepesi. Hapa Ohio hukuvunja sheria kwa kunyamaza. Zamani aliyebeba bastola kwa kibali alitakiwa amwambie askari mapema, kabla hajaulizwa. Tarehe 13 Juni 2022 mambo yalibadilika: mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye sheria haimkatazi kumiliki bastola anaweza kuibeba chini ya nguo bila kibali, na ule wajibu wa kutangulia kusema ukaondolewa. Kilichobaki ni kwamba askari akikuuliza kama una silaha, lazima ujibu kweli. Huyo anayekutisha kwa jela anakumbuka sheria ya zamani, au ametoka jimbo lenye sheria nyingine.

Kuna kipande cha sheria ya Ohio ambacho wanunuzi wengi wa bastola hawakisomi. Ukiwa na bastola yenye risasi garini na askari amekusimamisha, unatakiwa ubaki ndani ya gari mpaka uambiwe vinginevyo, mikono ionekane, usiiguse bastola, na utii amri halali. Haya yameandikwa, na kuyavunja ni kosa. Kwa hiyo ile adabu yetu ya kushuka na kumfuata trafiki, ambayo Mwanza ni heshima, hapa inaweza kukufikisha mbele ya hakimu hata kama bastola umeinunua kihalali na risiti unayo.

Sasa mkeo. Yeye aliona kitu ambacho wenzako hawakukiona, kwa kuwa alikuwa amekaa pembeni yako. Bastola kiunoni kulia, pochi mfuko wa nyuma kulia. Askari amesimama nyuma kidogo ya bega lako la kushoto, tochi mkononi, usiku wa manane. Anamwona mtu anainua nyonga, anajipinda, na mkono wa kulia unapotea chini ya koti. Mkono unaotoa pochi na mkono unaochomoa bastola hupita njia moja mpaka karibu mwisho kabisa. Koti lingepanda kidogo, kitako cha bastola kikaonekana, askari yule angekuwa na muda mfupi kuliko kupepesa jicho wa kuamua wewe ni nani. Na hakujui.

Trafiki wa kwetu, mwenye sare nyeupe, anasimama barabarani mchana, anapunga mkono, na haimpitii akilini kwamba dereva wa Toyota iliyochakaa ana bastola. Huku askari anakuja kutoka nyuma, hakuoni uso, na anaingia kwenye nchi ambayo bunduki za raia ni nyingi kuliko raia wenyewe. Makadirio ya 2017 ya taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva yalifika milioni 393. Tangu chuoni anaambiwa aangalie mikono, kwa sababu uso haumdhuru. Anaonyeshwa video za askari waliouawa kwenye usimamishaji wa kawaida kama huo wako. Nakueleza haya bila kumtetea mtu. Ninataka ujue kwamba kabla hujafungua mdomo ameshaanza kukusoma, na anakusoma kwa lugha ya mwili ambayo hukuzaliwa nayo. Kuinamisha macho kwa heshima, kwake ni kukwepa. Kuanza kupekua droo ya dashibodi ili umpe karatasi haraka asisubiri, kwake ni mtu anayeficha kitu au anayetafuta kitu. Mkono wa kushoto kushika kiwiko cha kulia wakati unamkabidhi leseni, kama tulivyofunzwa na wazee, kwake ni mkono uliopotea ghafla.

Na kwa mtu mweusi usomaji huo huwa mkali zaidi. Nisipolisema hili nitakuwa nakudanganya.

Huyo anayesema ukisema unajiua, najua anatoa wapi. Anamfikiria Philando Castile. Jioni ya tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, pembeni ya St. Paul, Minnesota, askari alimsimamisha Castile na kumwambia habari ya taa ya breki. Castile alikuwa na miaka 32, anafanya kazi jikoni kwenye shule ya msingi, na kibali cha kubeba alikuwa nacho. Askari aliomba leseni na bima. Castile akatoa karatasi ya bima, kisha kwa sauti tulivu na ya adabu akasema kwamba ana silaha. Askari akamwambia basi asiifikie. Castile akajibu kwamba haitoi, na mwenzake aliyekaa pembeni akasema hivyohivyo. Sekunde chache baadaye zilikuwa zimepigwa risasi saba. Mtoto wa miaka minne alikuwa kiti cha nyuma. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Juni 2017, baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi, lilimwachia huru askari yule.

Sheria ya Minnesota haikumtaka Castile aseme kabla ya kuulizwa. Alisema kwa uungwana. Ndiyo maana watu wetu wengi wamehitimisha kwamba kusema ndiko kulikomuua. Mimi nimeirudia video hiyo na wanafunzi wangu mara nyingi kuliko moyo wangu unavyotaka, na ninachokiona ni amri mbili zilizogongana. Amri ya kwanza, toa leseni. Ya pili, usiifikie. Leseni iko kwenye pochi, pochi iko mwilini, bastola iko mwilini. Ukitii ya kwanza unaonekana unavunja ya pili. Neno kuhusu silaha lilikuja wakati karatasi zimeshaanza kutolewa, mikono ikiwa kazini. Castile hakuwa na deni la kujua haya, na kosa la kifo chake siliweki mikononi mwake. Nachota humo kitu kimoja cha kukusaidia wewe: ukiamua kusema, sema mikono ikiwa imetulia usukanini, kabla hujaanza kutafuta chochote. Na amri mbili zikigongana, usizipatanishe mwenyewe. Ganda, kisha uliza.

Sikuahidi kwamba ukifanya hivyo utarudi nyumbani. Anayeuza ahadi hiyo darasani anauza asichokuwa nacho. Ninachoweza kukupa ni kupunguza sababu za mtu mwenye hofu kukosea.

Mfano wa pili unatoka mji huohuo unaokwenda harusini. Patrick Lyoya, kijana wa Kikongo wa miaka 26, wa familia ya Kiswahili kama yetu, alisimamishwa Grand Rapids asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022 kwa sababu namba za gari hazikulingana na gari. Hakuwa na silaha yoyote. Alishuka. Askari akamwambia arudi ndani, akamuuliza kama anazungumza Kiingereza, Lyoya akauliza amekosa nini. Kilichofuata ni purukushani, na ikaishia kwa risasi moja kisogoni akiwa amelala kifudifudi. Kesi ya askari yule mwaka 2025 ilivunjika kwa baraza kutokubaliana, na mwendesha mashtaka hakuirudia. Mzee wake alizungumza na waandishi kwa Kiswahili, akitafsiriwa. Sitajifanya naweza kukuambia kwamba kubaki ndani kungemwokoa. Lakini ninapofundisha watu wetu, hata wale wasio na bastola, nusu saa ya kwanza ni hiyo tu: usishuke.

Basi tufike kwenye gari lako. Ukiona taa nyuma, washa indiketa, punguza mwendo, tafuta mahali penye mwanga na nafasi upande wa kulia, kituo cha mafuta ni kizuri. Ukiona ni mbali kidogo, washa taa za hatari zote nne ajue umemwona. Simama, zima injini, washa taa ya ndani, shusha dirisha lako lote na la nyuma kama vioo vina giza, weka simu chini, kisha mikono miwili juu ya usukani, vidole vimetanuliwa. Yote haya uyamalize yeye akiwa bado garini kwake. Akishatoka, wewe ni sanamu. Bastola iko pale ilipo, hapohapo ibaki. Wapo wanaoivua kiunoni wakiona taa na kuisukuma chini ya kiti. Kutoka nyuma askari anaona mabega yanainama, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1983, kesi ya Michigan dhidi ya Long, akiwa na sababu ya kushuku kwamba kuna silaha ya kumdhuru anaweza kupekua eneo la abiria. Umejitengenezea tatizo kwa mikono yako.

Leseni na bima viondoe mfukoni kabisa. Mimi huvibana kwenye kinga ya jua juu ya kichwa kabla sijawasha gari. Mkono unaopanda juu kila mtu anauona.

Sasa mdomo. Kwa Ohio nimesema una hiari mpaka uulizwe. Wakufunzi na mawakili ninaowaheshimu wanatofautiana hapa. Wanaosema nyamaza wana hoja: usimamishaji mwingi huisha kwa dakika chache bila bastola kutajwa, na kuitaja kunamwongezea mwoga woga. Wanaosema sema nao wana hoja: bastola inayogunduliwa inatisha kuliko bastola iliyotajwa. Msimamo wangu ni huu. Ikiwa bastola imefungiwa kwenye buti na karatasi ziko juu ya kichwa chako, usianze wewe; ukiulizwa, jibu kweli. Ikiwa iko mwilini, au iko njiani kwa kitu ambacho askari amekuomba, au amekuambia ushuke, sema kabla hujasogea hata kidole. Na kukuambia ushuke anaruhusiwa bila kukupa sababu yoyote. Mahakama ya Juu ililiamua hilo mwaka 1977 katika kesi ya mtu wa Pennsylvania aliyesimamishwa kwa namba za gari zilizokwisha muda, akashushwa, askari akaona uvimbe chini ya koti, na uvimbe ukawa bastola.

Maneno gani? Hapa uzoefu wa ukalimani unanisaidia kuliko wa shabaha. Ukitafsiri moja kwa moja "nina bunduki" kwenda Kiingereza, umesema sentensi ileile ambayo jambazi huisema benki. Usiianze na bunduki. Anza na mikono, mwisho umwachie yeye uamuzi. Jifunze hii kama ulivyojifunza Baba Yetu: "Officer, my hands are staying on the wheel. I have a legal handgun on my right side. What would you like me to do?" Taratibu, bila kuigeuza. Umemwambia mikono iko wapi, umemwambia iko upande gani, umemwomba maelekezo. Kisha ufanye atakachosema, kimoja baada ya kingine, ukitangaza kila mwendo kabla ya kuufanya. Akisema ataichukua kwa muda, mwache aichukue mwenyewe. Usimkabidhi, usimsaidie, usimwonyeshe kwa kidole. Na akija dirisha la mkeo badala ya lako, usishtuke. Wengi hupita huko kukwepa magari.

Kuna mtego mwingine ambao nimeuona mahakamani kwa macho yangu, na sijawahi kuusikia ukifundishwa na mkufunzi asiyejua Kiswahili. Askari anapenda kuuliza kwa kukanusha: huna silaha humu ndani, sivyo? Sisi tunajibu ukweli wa sentensi. Kama huna, unasema "ndiyo", maana yake ndiyo, ni kama ulivyosema, sina. Kwa Kiingereza "yes" hiyo maana yake ninayo. Na kama unayo, Kiswahili chako kitakutuma useme "hapana", yaani sivyo, ninayo, na askari amesikia umekana. Dakika mbili baadaye akiiona, wewe ni mwongo mwenye bastola. Kijana mmoja niliyemtafsiria alitumia karibu saa nzima kueleza hakimu kwamba hakudanganya. Kwa hiyo ya ndiyo na hapana uyasahau kabisa mbele ya askari. Jibu kwa sentensi nzima: ninayo, iko hapa. Au: sina, gari halina silaha. Kiingereza kikikukimbia, omba mkalimani. Askari wengi huweza kumpata kwa simu. Kusema kwamba hukuelewa ni salama kuliko kukisia.

Mkeo ana kazi yake. Mikono yake juu ya dashibodi au magotini, viganja juu. Asitaje bastola kabla yako, asipaze sauti, asifungue mkoba wake. Watoto wakiwepo nyuma, waambiwe mapema, siku ya amani, kwamba baba akizungumza na polisi wao hucheza mchezo wa kunyamaza.

Harusi ya Grand Rapids ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka hivi. Ile ruhusa ya kubeba bila kibali inaishia kwenye mpaka wa Ohio. Kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa na ruhusa ya namna hiyo, na Michigan haimo. Wewe, bila kibali, ukivuka Toledo kuelekea kaskazini na bastola ile kiunoni, umeingia kwenye kosa kubwa la jinai ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano, na mwili wako haujui umevuka kitu, maana barabara ni ileile. Michigan hukitambua kibali cha mkazi wa Ohio kilichotolewa na Ohio. Lakini hata ukiwa nacho, huko sheria ni kinyume cha ya Ohio: lazima umwambie askari mara moja kwamba umebeba, bila kusubiri swali. Mwenye kibali wa Michigan asiyesema, kosa la kwanza ni faini ya dola 500 na kibali kusimamishwa miezi 6.

Na usidhani kusema kunafuta kosa la kutokuwa na kibali. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali safi cha Pennsylvania, alisimamishwa New Jersey, na kwa uaminifu akamwambia askari kwamba ana bastola. New Jersey haikukitambua kibali chake. Alikamatwa, akakabiliwa na miaka kadhaa ya lazima gerezani, na ni baada ya kelele nyingi ndipo akapelekwa kwenye utaratibu wa kuepushwa kifungo. Gavana Chris Christie alimsamehe mwaka 2015. Jimbo moja kuvuka mto, yule yule mtu, yule yule ukweli.

Safari hii, basi, bastola ibaki nyumbani ndani ya sefu. Ipo sheria ya shirikisho ya 1986 inayomlinda mtu anayesafirisha silaha kupita jimbo lingine, ikiwa haina risasi na imefungiwa mbali na mkono wake, lakini inamlinda anayetoka mahali anaporuhusiwa kwenda mahali anaporuhusiwa, na wewe huko uendako ndiko penye mashaka. Harusi haihitaji bastola. Ukirudi, kichukue kibali cha Ohio hata kama hapa si lazima: mafunzo ya saa nane, mbili kati yake uwanjani kwa risasi za kweli, kisha ofisi ya sherifu wa kaunti, na kinadumu miaka mitano. Faida yake ni majimbo kitakakotambuliwa, na kwamba hapa Ohio askari akiingiza taarifa zako kwenye mfumo, kibali kinaonekana kabla hajakufikia.

Sasa kadi yako ya kijani. Wewe mwenye ukaazi wa kudumu unaruhusiwa kumiliki bastola. Ila sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza kuondolewa nchini, na haijali kama jimbo liliona ni kosa dogo. Raia wa hapa angelipa faini akasahau. Wewe kadi yako ni ya 2021, miaka mitano ya kuombea uraia inatimia 2026, na kosa moja la Michigan linaweza kuigeuza safari hiyo kuwa tiketi ya ndege. Ndugu zetu wengi huharibikiwa siku ya tatu mahakamani, pale mwendesha mashtaka anapowapa mpango mzuri: kubali kosa, hakuna jela, nenda nyumbani. Wanakubali kwa furaha. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky ya mwaka 2010 wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukueleza kama kukubali kosa kutakuletea kufukuzwa nchini. Padilla mwenyewe alikuwa dereva wa lori mwenye ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo ukikamatwa kwa jambo lolote lenye silaha ndani yake, usikubali kosa lolote kabla wakili wa uhamiaji hajalitazama, hata kama wa jinai anasema ni dogo. Akikosekana, omba kesi iahirishwe. Hapo ndipo pa kutumia fedha, na akiba ya harusi ikitumika humo si hasara.

Tukiwa hapo, kumbuka wageni. Binamu aliyekuja kwa viza ya utalii au ya masomo, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kumiliki bunduki hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Ukimwazima gari na bastola imesahaulika kwenye droo, akasimamishwa, umemtwisha mzigo wa shirikisho kwa sababu ya kwenda kununua maziwa. Gari lako lisitoke mikononi mwako na bastola ndani.

Askari akiomba kupekua gari, unaweza kukataa kwa adabu, mara moja, kwa sauti ya kawaida, kwamba hukubali upekuzi. Akipekua hata hivyo, usimzuie kwa mwili wala kwa mabishano. Wakili atalizungumza baadaye kwa hakimu. Hata kukuweka pale muda mrefu kuliko kazi ya taa ya nyuma inavyohitaji, ili tu mbwa aje anuse, Mahakama ya Juu ilikataza mwaka 2015 kama hana sababu ya kushuku. Lakini haki hizi hudaiwa mahakamani. Pembeni ya barabara ya I-70 usiku hudai kitu, unarudi nyumbani.

Umeandika kwamba hamlali. Ikiwa wewe au mkeo mmepitia vita au mikono ya askari wabaya kabla ya kufika huku, na mwili unaganda au unataka kukimbia kila taa ya buluu inapowaka, basi kabla ya kuendelea kubeba bastola nenda ukamwone mshauri wa afya ya akili. Mwili unaotaka kukimbia na bastola kiunoni havikai pamoja garini, na nimewahi kumwambia mwanafunzi wangu aiache sefuni mwaka mzima. Aliiacha. Anaendelea vizuri.

Na Jumamosi hii, mchana, ifungie bastola sefuni, uhakikishe mara mbili, kisha mkakae garini mbele ya nyumba na injini imezimwa. Vaa koti lilelile. Mkeo ashuke awe askari, aje dirishani na tochi, akuombe leseni kwa Kiingereza. Wewe mikono usukanini, sema ile sentensi yako, subiri, kisha upandishe mkono polepole kwenye kinga ya jua. Akuulize na lile swali la kukanusha, huna silaha, sivyo? Mkikosea mrudie, mpaka jibu litoke zima bila kufikiri. Halafu mbadilishane viti, naye aendeshe.